Sura ya Nne: Dawa Inayotaka Utulivu

Kidonge cha levotiroksini ni kidogo sana. Kilaze kiganjani kando ya kidonge cha malaria, utadhani ni kipande kilichomeguka. Boksi lake limeandikwa 25, 50 au 100, na hizo ni mikrogramu, yaani sehemu ya milioni ya gramu. Mtu anayemeza kidonge cha 50 kila siku, mwaka mzima, bila kukosa, hajafikisha hata sehemu ya hamsini ya gramu moja. Na kwa chembe hizo moyo wake unapiga sawasawa, tumbo linasaga chakula, mwili unapata joto, hedhi inarudi kwa wakati wake, na kichwa kinashika tena majina ya watu.

Karibu kila ninalotaka kusema katika sura hii linatokana na udogo huo. Dawa inayofanya kazi kubwa kwa kiasi kidogo namna hii haivumilii kuchezewa. Ukizidisha kidogo, moyo unakwenda mbio. Ukipunguza kidogo, uchovu unarudi. Inataka saa ileile, kipimo kilekile, tumbo tupu kila mara, na ikiwezekana boksi la kiwanda kilekile. Inataka utulivu. Nasi tunaishi Bunia, mji uliozungukwa na kambi za watu waliokimbia vijiji vyao, ambako barabara huweza kufungwa leo na kufunguliwa kesho, na boksi ulilonunua mwezi uliopita huenda usilione tena mwezi huu. Mgonjwa wa hapa hawezi kuusubiri utulivu uletwe na wengine. Inabidi autengeneze mwenyewe, nyumbani kwake, kuanzia alfajiri.

Tuanze na kile kilichokufikisha hapa. Shingoni, chini kidogo ya koo, kuna tezi iitwayo dundumio. Hutengeneza homoni inayoendesha kasi ya mwili mzima, na iodini, ambayo wengine huiita madini joto, ndiyo malighafi yake. Tezi hiyo ikilegea, ubongo hutoa amri ya kuihimiza kwa homoni nyingine iitwayo TSH. Ndiyo maana TSH iliyo juu katika karatasi yako ina maana kwamba dundumio imelala: amri zinaongezeka kwa sababu hazitekelezwi. Kwa mtu mzima maabara nyingi huhesabu kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4 hivi.

Katika familia nyingi za kwetu shingo iliyovimba si jambo geni, na wapo bado wanaosema ni kurogwa. Msomaji anastahili kujua kwamba ardhi hii ya mashariki na kaskazini ya Kongo ni miongoni mwa mahali ambapo ulimwengu ulijifunzia ugonjwa huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Ubelgiji, akiwamo André-Marie Ermans, walichapisha uchunguzi wao wa eneo la Uele, majirani zetu wa kaskazini-magharibi. Rovu lilikuwa limeenea huko, na pamoja nalo watoto waliozaliwa bila homoni ya kutosha: wafupi, nyuso zimevimba, akili zimedumaa. Baadaye Ermans na mwenzake François Delange wakaenda kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu. Huko walikuta jambo la kushangaza. Iodini ilikuwa adimu kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na lilikuwa nadra kusini-magharibi. Upungufu wa iodini peke yake haukutosha kueleza tofauti hiyo, na walipotafuta sababu ya pili waliikuta katika chakula, kwenye mihogo.

Mihogo ina sumu ya asili. Isipotolewa vizuri, mwili hujikinga kwa kuigeuza kuwa kitu kiitwacho thiosianati, na kitu hicho huizuia iodini isiingie kwenye tezi. Aliye na iodini ya kutosha hapati shida kubwa. Anayekosa iodini na anayekula mihogo iliyolowekwa kwa haraka huumia mara mbili. Nalisema hili ili mama wa nyumbani aache kujilaumu na asiache kula bugali wala sombe. Mihogo iliyolowekwa siku za kutosha na kukaushwa vyema, sombe iliyotwangwa na kuchemshwa sana, pamoja na chumvi yenye iodini, ni chakula chema kwa mtu anayetumia dawa hii.

Hapa ndipo linapozuka kosa linaloumiza wengi. Mgonjwa akisikia habari ya iodini husema: basi nitaongeza chumvi, niache kidonge. Haifanyi kazi hivyo. Upungufu wa iodini ni chanzo kimoja tu. Chanzo kingine ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, ugonjwa ambao daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912 na ambao hadi leo unabeba jina lake. Wengine tezi yao imekatwa kwa upasuaji. Tezi iliyoharibika haifufuki kwa chumvi, na iodini nyingi ya ghafla ina madhara yake. Katikati ya miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipoenea Kivu, baadhi ya watu wenye rovu la miaka mingi waliugua upande wa pili: tezi zao zikazalisha homoni kupita kiasi, mioyo ikadunda ovyo, miili ikakonda. Chumvi ile iliokoa watoto wengi na inastahili kubaki jikoni. Lakini haikuwa tiba ya kila shingo.

Vivyo hivyo vidonge vya nguvu vinavyouzwa kando ya barabara. Huko Karawa, Ubangi, watafiti waliona kwamba watu walikosa pia madini ya seleni, wakawapa wagonjwa wenye upungufu wa homoni seleni peke yake. Matokeo, yaliyochapishwa 1991, yalikuwa kinyume cha matarajio: homoni ya tezi kwenye damu yao ilishuka zaidi. Kama wataalamu waliobobea walishangazwa hivyo, sioni sababu ya mgonjwa kujinunulia kopo la vitamini na kujaribu bahati.

Kidonge, basi. Napenda historia yake kwa sababu inatuliza hofu ya neno "maisha yote". Mwaka 1891, mjini Newcastle nchini Uingereza, daktari kijana George Murray alimchoma mama wa miaka 46 sindano ya maji yaliyokamuliwa kwenye tezi za kondoo. Mama huyo alikuwa amevimba, amepoa mwili, amekuwa mzito wa maneno. Alipata nafuu, akaendelea na dawa, na akaishi hadi 1919, akafariki akiwa na miaka 74. Inasemekana kondoo zaidi ya 870 walitumika kwa ajili yake. Tarehe 25 Desemba 1914 Edward Kendall, Mmarekani, aliitenga homoni yenyewe, na mwaka 1927 Waingereza Harington na Barger wakaitengeneza maabara. Siku hizi kondoo hawahitajiki. Unachomeza leo ni homoni ileile ambayo tezi yako ingeitengeneza. Kwa hiyo anayekuambia kwamba dawa hii "inazoesha mwili" kama kilevi hajui asemalo. Unarudishiwa ulichopungukiwa.

Sasa majuma ya kwanza, ambayo ndiyo magumu. Mtu aliyezoea dawa ya malaria, inayomwinua kwa siku tatu, humeza levotiroksini juma zima, akijiangalia kila asubuhi kwenye kioo, na haoni kitu. Juma la pili anaanza kulalamika. Juma la tatu jirani anamwambia abadili dawa. Sababu ya kukawia huko ni hii: nusu ya homoni uliyomeza leo bado imo mwilini baada ya siku saba hivi. Fikiria mtungi unaovuja polepole, nawe unamimina kikombe kimoja kila asubuhi. Maji yanapanda, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyovuja zaidi, mpaka kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Kwa dawa hii kulingana huko huchukua majuma matano au sita. Ndiyo maana daktari anakuambia urudi kupima TSH baada ya majuma sita hadi nane. Ukipima juma la pili umetupa pesa, na ukibadilishiwa kipimo kwa matokeo hayo umeanza upya.

Mabadiliko hayaji yote pamoja. Wengi huona kwanza choo kimelainika, uvimbe wa macho umepungua, na usingizi wa mchana umewaachia. Baridi ya mifupa huondoka baadaye. Ngozi, sauti na nywele ni za mwisho kabisa, na nywele zinaweza kuendelea kukatika miezi kadhaa hata kama damu imekwisha kuwa sawa. Uzito nao huwasononesha wengi. Sehemu ya kilo zilizoongezeka ilikuwa maji, hiyo itaondoka. Iliyobaki ni ya chakula na kazi za mwili kama kwa mtu mwingine yeyote, na anayeongeza vidonge ili akonde anauchezea moyo wake.

Kipimo hufuata uzito na umri. Kijana mwenye moyo mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji mikrogramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili, na huenda akaanzishiwa kiasi hicho moja kwa moja. Mzee, au mtu mwenye ugonjwa wa moyo, huanza na 12.5 au 25 na kupandishwa taratibu. Moyo uliozoea kwenda polepole miaka mingi, ukichapwa ghafla, unaweza kushindwa. Ukihisi mapigo yanaruka, mikono inatetemeka, jasho linakutoka bila kazi, au usingizi umepotea, usisubiri tarehe ya miadi. Nenda ukamwambie muganga. Kuzidisha kwa muda mrefu, hata bila dalili kali, huharibu mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa, hasa kwa mama waliokoma hedhi.

Lakini wengi ninaowaona hawasumbuliwi na kipimo kikubwa. Wanasumbuliwa na kifungua kinywa. Nilikuwapo siku moja katika kituo cha afya mtaani wakati mama mmoja, muuza makayabo, alipoleta karatasi yake. TSH ilikuwa imeshuka kidogo tu baada ya miezi miwili. Muuguzi kijana alikuwa ameshika kalamu ili ashauri 50 iwe 75, kisha akasita.

"Mama, unameza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, mwanangu, kabla sijaenda soko."

"Na nini?"

"Na chai ya maziwa. Na ile ya damu, naimeza palepale nisisahau."

Akafungua fundo la kitenge. Vidonge vidogo vyeupe na vidonge vyekundu vya kuongeza damu vilikuwa pamoja katika kikaratasi kimoja. Muuguzi akaweka kalamu chini. Madini ya chuma yaliyomo katika kidonge chekundu huishika levotiroksini tumboni, na sehemu kubwa haiingii kwenye damu. Maziwa nayo yana kalsiamu, yenye tabia hiyohiyo. Hakumwongezea hata mikrogramu moja. Alimwambia ameze kidonge cheupe kwa maji matupu mara tu anapoamka, chai anywe baada ya kuosha watoto na kupanga mzigo, na kile chekundu akimeze jioni. Aliporudi baada ya majuma saba TSH ilikuwa ya kawaida.

Hiyo ndiyo kanuni yenyewe: maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula, chai au kahawa, na saa nne kati ya kidonge hiki na vidonge vya chuma, vya kalsiamu au dawa za kiungulia. Asiyeweza asubuhi, kwa mfano anayeamka na kuelekea shambani mara moja, anaweza kumeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula, mradi aishike saa hiyo kila siku. Waislamu wengi hufanya hivyo mwezi wa Ramadhani.

Mwambie muganga pia dawa zako nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu humaliza homoni hii upesi mwilini. Fenobabitali na karbamazepini za kifafa hufanya hivyo hivyo, na hilo linatuhusu sana Ituri, kwa sababu upande wa Mahagi, kama katika eneo la afya la Logo, kuna kifafa kingi ambacho watafiti wamekihusisha na usubi. Mtu mwenye magonjwa yote mawili atahitaji kipimo kikubwa zaidi, na atakihitaji kishushwe siku dawa hiyo nyingine ikiachwa.

Mama mjamzito asimame hapa na asome mara mbili. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama yake kujenga ubongo. Mahitaji ya mama hupanda kwa robo au zaidi, tena mapema, mara nyingi kabla hajaanza CPN, yaani kliniki ya wajawazito. Madaktari wengi huwaelekeza wanawake wanaotumia dawa hii kwamba, hedhi ikikosa na kipimo cha mimba kikithibitisha, waongeze vidonge viwili kwa juma, yaani tisa badala ya saba, wakati wanapokwenda kumwona daktari. Zungumza naye juu ya hilo kabla hujashika mimba. Kuacha dawa kwa kuogopa kumdhuru mtoto ndiko kunakomdhuru. Na ukipewa vidonge vya damu huko CPN, kumbuka saa nne.

Nije kwenye boksi. Dawa zetu huingia kutoka pande nyingi: nyingine kwa ndege kutoka Kinshasa zikiwa na maandishi ya Kifaransa, nyingine kupitia Mahagi na Aru kutoka Uganda zikiwa na ya Kiingereza. Mji una bohari yake ya dawa muhimu, CADIMEBU, na levotiroksini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo mgonjwa hukuta mwezi huu boksi la kijani na mwezi ujao jeupe. Je, ni kitu kimoja? Homoni ni moja, lakini unga unaoshikilia kidonge hutofautiana, na kwa dawa ya kipimo kidogo hivi tofauti hiyo inaweza kuhisiwa. Ufaransa ilijifunza hilo mwaka 2017. Kiwanda cha Merck kilibadilisha unga katika dawa yake ya Lévothyrox, kikaondoa laktosi na kuweka manitoli na asidi ya sitriki, bila kugusa homoni yenyewe. Maelfu kwa maelfu ya wagonjwa walilalamika kwa uchovu, maumivu ya kichwa na kukatika nywele, na jambo likafika mahakamani. Ikiwa watu wenye duka la dawa kila kona walitikiswa hivyo, wewe usione haya kumwuliza muuzaji: "Lile la mwezi uliopita lipo?" Likikosekana, chukua jingine la mikrogramu zilezile, andika tarehe uliyobadili, na upime TSH baada ya majuma sita.

Hifadhi nayo ni ya kuangaliwa. Dawa hii haipendi joto, mwanga wala unyevu; boksi nyingi zinataka chini ya digrii 25. Bunia iko juu, kama mita 1,275 kutoka usawa wa bahari, na ndani ya nyumba ya matofali si taabu. Kasenyi na Tchomia, chini kando ya ziwa, ni joto. Chini ya bashi la plastiki kambini, saa saba mchana, ni joto zaidi. Acha vidonge ndani ya karatasi yake ya bati, uviweke mahali pa chini penye kivuli, mbali na mabati ya paa.

Na vita. Tarehe 5 Septemba 2002 hospitali kubwa ya Nyankunde, kilomita arobaini na kitu kutoka hapa, ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi waliuawa, dawa zikaporwa, na waliosalia wakatembea kwa miguu hadi Oicha. Tunaposema juu ya dawa ya kila siku katika nchi hii tunasema pia juu ya siku kama ile. Hapa ule ukawiaji uliokukera majuma ya kwanza unakuwa rehema: kwa kuwa homoni hukaa mwilini, anayekimbia bila vidonge siku tatu au tano hafi kwa hilo. Anadhoofika polepole. Akivipata tena anarudia kipimo chake cha kawaida, bila kufidia kwa kumeza rundo. Aliyekosa kwa majuma mengi, hasa mwenye moyo dhaifu, amwone daktari kabla ya kurudia kipimo kizima. Kukosa kabisa kwa miezi ni hatari ya kweli. Mtu huweza kupoa na kuzimia, na hiyo ni dharura ya hospitali.

Basi kabla hujafunga kitabu, chukua karatasi moja. Andika jina la dawa, mikrogramu, tarehe uliyoanza, na TSH ya mwisho. Ikunje pamoja na vidonge vya majuma mawili, uitie katika mfuko uleule unaotunza kadi yako ya mpiga kura na vyeti vya watoto, mfuko ambao kila mtu wa Ituri anajua atauchukua kwanza. Kila ununuapo boksi jipya, vya zamani vitumie na vipya viweke humo. Na majuma sita yakitimia nenda ukapimwe, hata kama unajisikia umepona.